Egemeo la Bunduki na Asili ya Shabaha katika Nchi za Iringa na Mbeya

Walimu wetu wamezoea kufundisha ya kuwa Wahehe walishindwa mwaka 1894 kwa sababu walikuwa na mikuki, nao Wadachi walikuwa na bunduki. Neno hili ni kweli nusu, na nusu iliyosalia ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika kurasa hizi. Maana kabla boma la Kalenga halijavunjwa, Mkwawa alikuwa nazo bunduki nzuri zipatazo 300, alizoziteka Lugalo miaka mitatu nyuma, mbali na magobori yaliyopanda kutoka pwani kwa njia ya biashara. Basi mtu akiuliza, mbona silaha hizo hazikumfaa, jibu halipatikani katika hesabu ya bunduki. Nadhani lapatikana katika jambo dogo ambalo waandishi wa historia hulipita: namna mtu anavyoiegemeza bunduki yake, na namna anavyojua risasi itaangukia wapi.

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa lugha imehifadhi mengi ambayo watu wameyasahau. Neno bunduki ni la Kiarabu, na asili yake ni kitu cha mviringo kama kokwa au kigololo. Risasi ni jina la madini yenyewe, nayo baruti ilitoka kwa watu wa mashariki pamoja na matumizi yake. Lakini mzinga ni neno letu: ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na watu wa pwani walipoona chuma kikubwa chenye uwazi ndani wakakiita jina hilo hilo. Bunduki ya kwanza kujulikana pwani ilikuwa ya mrao, yaani ya utambi unaowaka. Baada yake ikaja ya gumegume, itoayo cheche kwa jiwe, kisha ya fataki. Zote hizi hujazwa kwa mdomo wa mtutu, na baruti na risasi hushindiliwa kwa mdeki. Ndizo watu wa bara wazitazo magobori. Mwisho ikaja bunduki ya viasi. Hapo yafaa msomaji asimame kidogo. Kiasi ni kipimo. Zamani mwenye gobori alipima baruti yake kwa mkono au kwa kikombe cha pembe, na kila mtu na kipimo chake. Katika bunduki mpya kipimo kilikwisha kufungwa ndani ya shaba na fundi aliye mbali, hata kipimo chenyewe kikawa jina la kitu. Tofauti ya silaha hizi mbili imo yote katika neno hilo moja.

Na shabaha je? Neno hili ni ndugu ya kushabihi, yaani kufanana. Mwenye kutwaa shabaha hufananisha vitu viwili, au tuseme vitatu: pengo lililo nyuma ya mtutu, ncha iliyo mbele, na kile akitakacho kukipiga. Vikilingana, amelenga. Lakini kulenga si kupiga, na watu wengi, hata wenye elimu, huyachanganya mambo haya mawili.

Magobori yaliyofika Uhehe, Usangu na Ubena yalikuwa mabaki ya majeshi ya Ulaya. Wafalme wa huko walipobadili silaha zao, zile kuukuu ziliuzwa kwa wachuuzi, na wachuuzi wakazipeleka Unguja. Mwaka 1888 Balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria ya kuwa bunduki zilizoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Wingi huu watisha, lakini ubora wake ulikuwa mdogo. Mtutu wa gobori ni laini ndani kama bomba, nayo risasi sharti iwe ndogo kuliko tundu, ama sivyo haishindiliki. Basi ikitoka hugonga huku na huku ndani ya mtutu, na mgongo wa mwisho ndio uiamuao njia. Ukiifunga bunduki ya namna hii juu ya jiwe isitikisike hata kidogo, ukafyatua mara kumi, hutapata matundu mawili mahali pamoja kwa hatua mia. Wengi waliijaza si risasi moja bali vipande vya chuma na mawe madogo, tena baruti nyingi kupita kiasi kwa kutaka mlio. Kwa sababu hiyo walio wengi hawakuipandisha begani. Waliishika kiunoni na kugeuza uso, na kwa silaha ile hawakuwa wajinga: mtutu uliojazwa kupita kiasi huweza kupasuka, na moto wa kifa huruka machoni.

Wawindaji peke yao walifanya vingine. Mwenye kutafuta nyama au pembe hana baruti ya kupoteza kwa mlio. Yeye alikata mti wenye panda, akausimamisha ardhini, akalaza gobori katika panda na kungoja mnyama afike karibu kabisa. Nilipokuwa kijana mzee mmoja mwindaji wa upande wa Iringa alinionyesha jambo hili, na alinikemea nilipoiweka panda chini ya chuma. Alitaka ikae chini ya mti wa bunduki, karibu na mkono wa kushoto. Sikufahamu sababu yake mpaka miaka mingi baadaye, nami nitaieleza mahali pake. Watu wa Ulaya nao walitumia panda kama hiyo katika karne ya 16 na ya 17, wakati bunduki zao zilipokuwa nzito mno. Askari alichukua bunduki begani na panda mkononi. Sidhani mmoja alimfundisha mwenziwe. Mkono uliochoka hutafuta mti popote duniani.

Egemeo la pili ni ukuta. Mwaka 1877 Elton, Balozi wa Kiingereza, alipopita nchi hizi pamoja na wenzake, walikuta mji wa Merere wa Usangu umezungukwa na Wahehe, nao wakakawia humo mpaka mazingiwa yalipokwisha. Elton mwenyewe alikufa Ugogo mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Wasangu walijifunza mengi ya vita kwa Wangoni, na Wahehe wakajifunza kwa Wasangu: kupanga vikosi, kushambulia kwa mbio, na mkuki mfupi wa kuchoma. Lakini boma ni habari nyingine. Mtu aliye nyuma ya boma hulaza bunduki juu ya ukuta au katika tundu, na gobori lile lile lisilofaa uwandani lawa silaha ya kuogopwa, kwa kuwa adui hana budi kuja karibu. Jina la Iringa lenyewe latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani boma. Mkwawa alipojenga ukuta wake Kalenga alijenga egemeo kubwa kuliko yote katika nchi hizi.

Sasa tufike Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wadachi chini ya Emil von Zelewski lilikuwa likipita katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Walikuwa askari zaidi ya 300 pamoja na wapagazi wao, na bunduki kubwa zao zilikuwa zimefungwa juu ya wanyama. Wahehe, yapata 3,000, walikuwa wamelala kando ya njia. Ishara ilipotolewa walitoka mbio na mikuki, na wengi wa askari walipata kufyatua mara moja au mbili tu. Zelewski aliuawa, na pamoja naye Wadachi wengine tisa na askari zaidi ya 200. Kikosi kidogo cha nyuma kilipanda kilima na kujilinda, kisha kikarudi pwani. Bunduki nzuri hazikushindana na mikuki, maana nafasi haikuwapo ya kuegemea wala kulenga. Mkuki kwa hatua kumi hauhitaji pengo wala ncha. Wahehe walilipa sana kwa ushindi huo, lakini waliondoka na bunduki zile.

Ni bunduki gani? Askari wa Wadachi siku hizo walichukua raifali ya Mauser ya namna ya mwaka 1871, yenye kupokea kiasi kimoja kwa mara, risasi yake nene ya milimita 11, na baruti yake ya moshi. Mtutu wake una mifuo ndani iliyozunguka kama kamba iliyosokotwa; risasi huikaba mifuo hiyo, huzunguka kama pia, na kwa kuzunguka hushika njia yake. Hii si gobori. Lakini yenyewe ina fumbo ambalo asiyefundishwa hawezi kulifumbua kwa macho.

Risasi haiendi kama uzi ulionyoshwa. Mara itokapo mtutuni huanza kuanguka, sawasawa na jiwe lililoachwa mkononi. Ile ya Mauser ilitoka kwa mwendo wa mita 430 au 440 hivi kwa nukta. Basi ikifika mita 100 imekwisha kuanguka zaidi ya robo ya mita. Kwa hiyo fundi huinua pengo la nyuma kidogo, ili mtutu uelekee juu na risasi ipande kwanza, kisha ishuke na kukutana na mstari wa jicho mahali palipowekwa. Bunduki hii iliundwa kwa vita vya Ulaya, watu wakipigana mbali, na pengo lake la chini kabisa liliwekwa kwa umbali wa zaidi ya mita 200. Hesabu yaonyesha ya kuwa mtu akilenga kifua cha adui aliye mita 100, risasi hupita juu kwa theluthi moja ya mita au zaidi. Amelenga kifua, akapiga hewa juu ya bega. Tena kama ameinua kile kibati cha nyuma bila kujua maana yake, kwa kudhani kuinua ni kuongeza nguvu, risasi hupita juu ya miti.

Askari wa Wadachi alifundishwa haya. Hakufundishwa kwa maneno. Aliwekwa shabahani, bunduki ikalazwa juu ya mfuko wa mchanga, akapiga, akaonyeshwa tundu lake. Niwaeleze wasomaji wasiopata kushika bunduki namna kazi hii ilivyo, kwa kuwa haikubadilika sana tangu siku zile. Mfuko wa kwanza huwekwa mbele, chini ya mti wa bunduki. Usiwekwe chini ya mtutu wenyewe, maana chuma kikifyatuka hutetemeka, na kikiguswa na kitu kigumu huruka upande mwingine, na risasi huenda mahali pasipo pake. Hii ndiyo sababu ya yule mzee kunikemea. Mfuko wa pili, mdogo, huwekwa chini ya kitako, na mpigaji huuminya kwa mkono wa kushoto kuinua au kushusha kidogo kidogo. Kiti kiwe imara, miguu ikanyage chini, na shavu likae mahali pale pale kila mara. Hutoa pumzi nusu, huizuia, na kidole hukaza polepole hata bunduki ilie kama kwa kumshtua mwenyewe. Akivuta kwa ghafula amekwisha kukosa, hata kama egemeo ni mwamba.

Hupiga mara tatu, habadili kitu. Watu wengi hupiga mara moja, wakaona tundu liko kushoto, wakasogeza pengo. Mara ya pili liko kulia, wakarudisha. Hivyo hushinda kutwa wakifukuza kosa la mikono yao wenyewe. Tundu moja halisemi neno. Matundu matatu yaliyokaribiana husema kwamba bunduki na mtu wamepatana, ila hawajaelekea mahali pamoja. Hapo ndipo pengo husogezwa upande ule unaotakiwa risasi iende. Na kama ni ncha ya mbele inayosogezwa, huenda kinyume. Matundu yakitawanyika, hakuna la kusogeza: kuna la kufundisha.

Sasa fikiri habari ya Mkwawa. Kila jaribio la namna hii hula viasi vitatu, vitano, kumi, kwa kila bunduki na kila mtu. Yeye alikuwa na viasi vile alivyoviteka, wala hapakuwa na fundi Uhehe awezaye kuunda kingine. Gobori lililishwa baruti iliyonunuliwa. Raifali yake ililishwa mabaki ya Lugalo tu. Wala hakuweza kutumaini kununua, maana mkataba uliofanywa Brussels mwaka 1890 ulikuwa umekataza kuingizwa kwa bunduki za mifuo na za viasi katika Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini, isipokuwa kwa serikali na kwa watu waliopewa ruhusa; gumegume laini iliweza kuruhusiwa kwa masharti. Wenye kuuandika mkataba ule walisema habari ya kuzuia biashara ya watumwa, nayo ilikuwamo kweli. Hata hivyo walijua vema mahali pa kupitisha mstari: hawakuutia kati ya mwenye bunduki na asiye nayo, waliutia kati ya bunduki iwezayo kupata shabaha na ile isiyoweza.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu ya kuwa najaribu kuwatetea Wahehe kwa hesabu. Sivyo. Hesabu hii hupunguza sifa za Wadachi vile vile, maana wao nao, Lugalo, walikuwa na kila nilichokieleza na hakikuwafaa robo saa. Ninalosema ni kwamba silaha iliyotekwa si silaha kamili. Tarehe 30 Oktoba 1894, chini ya Gavana von Schele, askari waliupanda ukuta wa Kalenga na mji ukatekwa siku hiyo, ingawa watu walipigana ndani yake. Egemeo lilikuwapo, bunduki zilikuwapo; mazoea hayakuwapo wala hayangeweza kuwapo.

Miaka minne Mkwawa aliwindwa milimani na misituni. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kikosi cha Sajini Merkl kiliona watu wawili wamelala karibu na moto, wakawafyatulia kwa mbali. Walipofika waliwakuta wote wawili wafu; Mkwawa alikuwa amejiua kwa bunduki yake kabla hawajafika. Kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika sehemu ya 246, uliagiza kirudishwe katika muda wa miezi sita, nacho hakikurudi. Gavana Twining alipokwenda Bremen mwaka 1953 alionyeshwa mafuvu mengi sana katika nyumba ya makumbusho. Akachagua moja lililokaribia vipimo vya jamaa za Mkwawa, tena lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga, na hapo lilipo. Mtu akitaka mfano wa tundu moja lililotakiwa kusema mengi kuliko liwezavyo, ndio huo.

Habari za vita vya 1914 nitazipita upesi. Kampuni ya 2 ya askari ilikaa Iringa na Ubena, na ya 5 Masoko, upande wa Tukuyu. Kampuni nyingi za askari ziliingia vitani na Mauser ile ile ya baruti ya moshi, na kila aliyefyatua aliinua wingu jeupe juu ya kichwa chake. Hapo egemeo zuri liligeuka kuwa hatari: aliyelala salama nyuma ya mfuko wa mchanga alijulikana alipo baada ya risasi ya kwanza. Jeshi la Northey lilipanda kutoka Nyasa mwezi wa Mei 1916, likapigana Malangali mwezi wa Julai, na tarehe 29 Agosti likaingia Iringa.

Baada ya vita ile, dhahabu ya Lupa ilipovuta watu na mji wa Mbeya ukakua, bunduki za wawindaji zilikuja nyingi, nazo zilileta tatizo jipya ambalo wenyeji wa nyanda za juu walilitambua upesi. Iringa iko juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi, na Mbeya yapata 1,700. Hewa yetu ni nyepesi, haiizuii risasi kama hewa ya pwani. Bunduki iliyowekwa shabaha Dar es Salaam haitaonyesha tofauti hapa kwa mita 100. Kwa mita 500 hupiga juu. Tena nchi ni ya mabonde. Mwenye kupiga kutoka ukingo wa Uporoto kuelekea chini, au chini kwenda juu, hupiga juu ya alama vile vile, kwa kuwa uzito huivuta risasi kwa kadiri ya umbali wa tambarare tu, si kwa urefu wa mteremko. Wageni hawakuamini, wakailaumu bunduki.

Kazi iliyojulikana kuliko zote ni ile ya simba wa Njombe, waliokula watu katika Ubena tangu miaka ya 1930 hata 1947. Inasemwa ya kuwa wanyama wa porini walikuwa wameuawa kwa wingi ili kuzuia sotoka, na simba wakakosa chakula chao. Simba hawa waliwinda mchana, usiku wakasafiri mbali, hata walipoliliwa kijiji kimoja wao wamekwisha fika kingine. George Rushby, bwana wa wanyama aliyekaa Mbeya, aliwafuata pamoja na askari wake, na simba 15 waliuawa. Watu wengi wa huko walishikilia ya kuwa si bunduki iliyowamaliza, bali kurudishwa kazini kwa Matamula, mganga aliyeondolewa ujumbe na ambaye simba walidhaniwa kuwa ni wake. Sitaki kubishana juu ya hilo hapa. Ninalolitazama ni namna ya kazi: mfuko wa mchanga haufuatani na mtu katika majani marefu, na simba hangoji. Yote yaliyofanywa shabahani, yale matundu matatu na pengo lililosogezwa kwa subira, yalikuwa yamefanywa kabla ya siku ile. Porini mtu hubaki na mti tu, au goti, au bega la mwenziwe.

Wawindishaji wa siku hizi katika pori la Rungwa huchukua miti mitatu iliyofungwa pamoja karibu na ncha, huitanua miguu, na bunduki hulazwa pale ijuu panapokutana. Wengine hudhani ni uvumbuzi wa Wazungu. Nami kila niionapo huitazama panda ile ya juu, nikaangalia mkono wa mpigaji: ameweka mti wa bunduki, au ameweka chuma?